Mchagua Jembe

"Mchagua jembe si mkulima." Methali hii tuliisoma shule ya msingi, tukaijibia mtihani, tukapata alama. Maana yake tulifundishwa hivi: mkulima hodari halaumu zana, anayesimama dukani akigeuzageuza majembe ni mvivu anayetafuta kisingizio kabla jua halijachomoza. Ni methali nzuri kwa msimamizi wa shamba. Lakini kadiri ninavyosoma historia ya chuma katika Nyanda za Juu Kusini, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba aliyeitunga hakuwahi kulima kutwa nzima na jembe bovu.

Kwa karne kadhaa, watu wa nchi hii ya milima walichagua jembe. Walilipima kwa macho, kwa kidole, kwa uzito wa mkono na kwa sikio. Walikuwa wateja wagumu wa bidhaa ngumu kutengeneza, na wahunzi walilijua hilo. Ninachotaka kueleza hapa ni namna ujuzi huo wa kuchagua ulivyojengwa, ulivyopotea, na kwa nini kupotea kwake kunatugharimu hadi leo.

Kwanza, ramani. Ukisema Mbeya na Iringa leo unataja mikoa miwili ya kawaida. Zamani si sana, majina hayo yalibeba nchi kubwa zaidi. Makete ya Wakinga na Ludewa ya Wapangwa zilikuwa Iringa mpaka Mkoa wa Njombe ulipoanzishwa mwaka 2012. Mbozi ya Wanyiha ilikuwa Mbeya mpaka Songwe ilipozaliwa mwaka 2016. Hata Sumbawanga ya Wafipa ilikuwa ndani ya Mbeya kabla ya Rukwa kuundwa mwaka 1974. Ziunganishe tena nchi hizo kwenye ramani moja, utaona kitu ambacho mipaka ya sasa inakificha: Wafipa, Wanyiha, Wakinga, Wapangwa, wote walikuwa wafua chuma. Hii ilikuwa nchi ya matanuri.

Wafipa ndio walioandikwa zaidi. Tanuri lao la kwanza, ilungu, lilisimama kama mnara wa udongo wa mita 3 hivi. Halikuwa na mvukuto. Chini yake palikuwa na matundu yenye mirija ya udongo. Moto ukishika, urefu wa tanuri wenyewe ulivuta hewa kutoka chini kwenda juu, kama bomba la moshi la jikoni. Makaa na mtapo vilipangwa ndani, moto ukaachwa ufanye kazi yake kwa siku kadhaa.

Hapa lugha yetu inatudanganya kidogo. Tunasema "kuyeyusha chuma", lakini ndani ya ilungu chuma hakikuyeyuka. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Sentigredi, na tanuri la udongo la namna hiyo halifiki huko. Kilichoyeyuka ni uchafu, ule tunaouita mavi ya chuma. Wenyewe ulitiririka na kuganda, huku chuma kikibaki bonge lenye vitundu kama sifongo, limejaa mkaa na takataka. Bonge hilo huwezi kulifua likawa jembe. Ukilipiga nyundo linavunjikavunjika.

Ndiyo maana palikuwa na hatua ya pili. Wafipa walikuwa na tanuri dogo, kintengwe, lililofanya kazi kwa mivukuto. Humo bonge liliingizwa tena, likasafishwa, likakazwa. Baada ya hapo ndipo kazi ilipofika kwa mhunzi mwenye fuawe, nyundo na koleo. Hatua tatu, mikono mingi, na katika kila hatua kuna mtu aliyepaswa kuamua: Je, mtapo huu unafaa? Makaa haya ni ya mti mgumu au yatageuka majivu kabla ya alfajiri? Bonge hili ni la kufuliwa au la kurudishwa motoni? Hakukuwa na kipimajoto. Palikuwa na rangi ya moto, mlio wa nyundo na kumbukumbu ya mabonge yaliyopita.

Palikuwa pia na dawa na miiko. Tanuri la Wafipa lilitendewa kama bibi harusi, na wafanyakazi walitakiwa kujitenga na wake zao kazi ikiendelea. Mimi niliposoma habari hizi mara ya kwanza, niliona zikiandikwa kwenye sura tofauti: ufundi huku, imani kule. Sidhani kama wenyewe walitenganisha. Kazi inayochukua wiki nyingi za kukata miti, kuchoma makaa na kujenga mnara, halafu ikategemea moto usioonekana ndani ya udongo, inahitaji watu wasiokatisha kazi na wasiogombana. Miiko iliwashika pamoja. Na mambo yakiharibika, iliwapa pa kuanzia kuuliza.

Sasa mteja. Wanyakyusa waliishi bondeni, kwenye udongo wa rutuba wa volkano, na kilimo chao kilikuwa cha kusifiwa, lakini chuma hawakufua wao. Majembe na mikuki yao ilitoka kwa Wakinga, waliokaa juu, kwenye milima ya Livingstone yenye baridi. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Unyakyusa miaka ya 1930, aliandika habari za biashara hiyo: chuma kilishuka, chakula na mifugo ikapanda. Na katika simulizi za asili za Wanyakyusa, machifu walitoka Ukinga wakileta moto, ng'ombe na chuma. Fikiria maana yake. Watu walioshikilia jembe kwa ustadi kuliko jirani zao walilazimika kununua jembe kutoka kwa jirani hao. Mkinga alijua kutengeneza. Mnyakyusa alijua kutumia. Bei ilikuwa mazungumzo kati ya aina mbili za ujuzi.

Jembe halikuwa la shamba tu. Katika sehemu nyingi za nyanda hizi lilikuwa mahari. Hilo liliongeza mpimaji mwingine: wazee wa upande wa binti. Jembe la mahari likiwa na ufa, aibu haimfikii mhunzi peke yake, inawafikia waliolileta. Kwa hiyo chuma kilipimwa mara nyingi kabla hakijagusa udongo, na waliokipima walikuwa na sababu ya kuwa wakali.

Ipo jiwe moja Mbozi linalonisaidia kufikiri juu ya jambo hili. Kimondo cha Mbozi, kilichopo kwenye mlima wa Marengi, ni bonge la chuma kutoka angani, urefu wake kama mita 3, uzito wake unakadiriwa kuwa zaidi ya tani 10. Takriban asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nikeli. Ulimwengu wa nje ulitangaziwa habari zake mwaka 1930 baada ya mpima ardhi kulifikia. Mtalii huuliza swali rahisi: Wanyiha, wafua chuma hodari, wameishi pembeni ya tani zote hizo; kwa nini waliendelea kuhangaika na mtapo, makaa na mnara wa udongo?

Jibu ni la kihunzi. Huko Greenland, Wainuiti walitengeneza visu kutokana na kimondo, lakini walifanya hivyo kwa vipande vidogo walivyovigonga na kuvibandua. Bonge moja zima lisilo na mwanya wa kupitisha patasi ni jambo jingine. Haliingii tanurini, halikai juu ya fuawe, halikatiki. Mwenye kujua chuma halihesabu kwa tani. Analiuliza swali moja tu: litatii nyundo? Kimondo hakikutii. Mbele ya mnyonge wa ujuzi ni hazina. Mbele ya mhunzi ni jiwe zuri la kutazama.

Historia tunayofundishwa inakipenda chuma kinapokuwa mkuki. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, mashujaa wa Mkwawa walikivamia kikosi cha Kijerumani cha Emil von Zelewski na kukiangamiza, kiongozi wake akiwamo. Bunduki zilikuwepo, lakini kazi kubwa ya siku ile ilifanywa na mikuki, kwa shambulio la karibu na la ghafla. Kalenga ilianguka Oktoba 1894, Mkwawa akajiua Julai 1898, na fuvu lake likarudishwa mwaka 1954. Leo kwenye makumbusho ya Kalenga, mwendo mfupi kutoka Iringa mjini, utaona fuvu, mikuki na ngao. Ni haki yake kuwepo pale.

Lakini jembe lililowalisha wale mashujaa liko wapi? Nimelitafuta kwenye maandishi na kwenye makabati ya vioo, na nimeelewa kwa nini ni haba. Mkuki mzuri hutunzwa. Jembe zuri huliwa. Kila msimu udongo unalilamba, upana unapungua, mpaka linabaki kama kiganja. Hapo linarudi kwa mhunzi likawa kisu, tezo au mundu, na kisu nacho kikalika. Jembe lililobaki zima mpaka leo huenda lilibaki kwa sababu lilikuwa mahari lisilolimiwa, au kwa sababu halikufaa. Tunachoweza kuokota kwa wingi ni kile walichokikataa: mavi ya chuma, mabonge meusi yanayong'aa, yaliyosambaa kwenye mashamba ya mahindi kutoka Mbozi hadi Ufipa. Wanaakiolojia, kama Bertram Mapunda aliyechimba Ufipa, wamejenga historia nzima juu ya mabonge hayo na masalia ya matanuri. Hifadhi yetu ya nyaraka ni takataka za wahunzi, nayo ina ushahidi mwingi kuliko majengo mengi yenye kufuli.

Kazi ya matanuri ilikufa taratibu. Mwaka 1937 R. C. H. Greig aliweza bado kuchapisha kwenye jarida la Tanganyika Notes and Records maelezo ya uyeyushaji wa Wafipa. Mwaka 1965 Beverly Brock alipoandika kuhusu Wanyiha, alikuwa anakusanya zaidi kumbukumbu za wazee. Katikati palikuwa na mambo matatu yaliyovuta upande mmoja. Kodi ilidai fedha, si jembe. Vijana ambao wangekata miti na kubeba makaa walikwenda kutafuta fedha hiyo, wengine kwenye dhahabu ya Lupa, wengine kwenye mkonge, wengine kuvuka mpaka hadi migodi ya shaba. Na madukani likaingia jembe la kiwandani kutoka Ulaya, jepesi, la bei ndogo, linalofanana na mwenzake kama mayai ya kuku mmoja. Kampuni ya Chillington ya Wolverhampton, Uingereza, ilipiga chapa ya mamba juu ya majembe yake, na mamba huyo akafahamika Afrika kuliko jina la mji alikotoka.

Kuna anayelalamika kwamba jembe la kiwandani liliua uhunzi kwa sababu lilikuwa bovu. Sikubali. Mengi yalikuwa mazuri, na mkulima aliyeyanunua hakuwa mjinga. Alipunguziwa wiki za kazi na misitu ya makaa. Kilichouawa ni kitu kingine: mazungumzo. Mnyakyusa angeweza kumrudia Mkinga na kumwambia, hili lilipinda. Wolverhampton huwezi kuirudia.

Uhunzi wenyewe haukufa wote. Nilipokuwa nakusanya maelezo ya tasnifu yangu nilikaa siku mbili na mhunzi mmoja wa Mbozi, mzee aliyezeesha mikono kwa kufua springi za magari. Mtapo hajawahi kuuchoma. Baba yake naye hakuuchoma, babu yake ndiye aliyeuona. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, naye akacheka.

"Mjukuu wangu, umesoma mpaka huko juu, halafu unakuja kuniuliza jembe?"

"Ndiyo babu. Nataka kujua unalitambuaje zuri."

Hakunijibu kwa maneno. Alichukua majembe mawili ya dukani, akayaning'iniza moja baada ya jingine kwenye kidole, akayagonga kwa msumari. La kwanza lililia, sauti ikakaa hewani. La pili lilisema "tek", likanyamaza.

"Hili lina ufa," akasema. "Huuoni, lakini lenyewe limeshasema."

Kisha akanionyesha mengine. Pale bapa linapokutana na shingo, kidole kisikutane na ukonde wa ghafla, maana hapo ndipo litakapokatika. Makali ukiyakwaruza kwa tupa, tupa isiteleze kama juu ya kioo, wala isizame kama kwenye risasi. Chuma kigumu mno kitameguka kwenye jiwe. Laini mno kitajikunja na utanoa kila siku. Halafu akaliweka jembe kwenye mpini, akanipa nilishike, na kuniuliza linaniinamisha kiasi gani. Nikamwambia sana. "Basi hilo si lako," akasema. "Ni la mtu mfupi." Pembe kati ya bapa na mpini ndiyo inayoamua ni mgongo wa nani utauma saa nne asubuhi.

Niliporudi chuoni nilitaka kujua kama jambo la mlio ni la kihunzi tu au lina ndugu kwingine, nikampata mahali ambapo sikumtarajia: kwenye gofu. Mufindi, kwenye nchi ya chai, kuna uwanja wa gofu, kwa hiyo mchezo huo si mgeni kabisa Iringa. Wachezaji wenye ujuzi huwa na fimbo fupi yenye uso ulioinama sana, wanaiita weji, ya kuinulia mpira kutoka mchangani au kwenye nyasi ndefu. Gene Sarazen wa Marekani ndiye aliyeipa umaarufu ile ya mchangani mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwa kuinenepesha chini ili iteleze juu ya mchanga badala ya kuchimba. Ni jembe lililofundishwa kutolima. Na wachezaji hao wako tayari kulipa zaidi kwa kichwa kilichofuliwa kutokana na chuma laini kuliko kilichomiminwa kwenye kalibu, wakisema kilichofuliwa kina hisia nzuri zaidi mkononi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walipochunguza hisia hiyo, waligundua kwamba ina uhusiano mkubwa na sauti ya fimbo inapogonga mpira. Sehemu ya kile mchezaji anachoamini anakisikia mkononi, anakisikia sikioni.

Ninaitaja gofu kwa sababu ya kilichofuata. Kwa ajili ya fimbo hiyo kuna majarida, maabara, wapimaji wanaolipwa, na mabishano ya miaka mingi kuhusu nyuzi mbili za pembe. Hakuna anayemwambia mchezaji kwamba mchagua fimbo si mchezaji. Kinyume chake, kuchagua ndiko kunakomtambulisha kuwa hodari. Mama anayelima ekari mbili za mahindi Mbozi hufanya kazi ngumu kuliko mpira wowote, na pembe ya jembe lake inaingia kwenye uti wa mgongo wake. Yeye ndiye tuliyemtungia methali.

Taifa letu limelipenda jembe kwa namna ya ajabu. Liko kwenye nembo ya Taifa, limepishana na nyundo kwenye bendera ya CCM tangu mwaka 1977. Mwaka 1972, Iringa, TANU ilipitisha "Siasa ni Kilimo", ikiwahimiza wakulima waachane na ukulima wa mazoea. Kiwanda cha Ubungo cha zana za kilimo kilijengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China. Miaka ya 1980 Mbeya nayo ikapata chake, Zana za Kilimo, ZZK. Kwa mara ya kwanza tangu enzi za matanuri, jembe la Nyanda za Juu Kusini lingeweza kutengenezwa Nyanda za Juu Kusini, na mkulima akawa na mlango wa kubisha likipinda. Haikudumu. Ilipofika mwaka 2009, wakati wa Kilimo Kwanza, jembe la mkono lilikuwa limegeuka alama ya umaskini inayopaswa kuzikwa, na picha kwenye mabango ilikuwa trekta.

Sina ugomvi na trekta. Lakini mlima wa Makete haulimiki kwa trekta, na wakulima wetu wengi bado wanaamka na jembe la mkono. Kulidharau jembe hakujaliondoa shambani. Kumeliondoa kwenye mawazo ya wanaopima ubora. Tuna Shirika la Viwango tangu mwaka 1975, na kiwango ni jambo jema: kinakamata chuma chembamba na chapa ya uongo. Ila kiwango hakimjui mtu mfupi. Hakijui udongo wa kichanga wa Usangu unaolamba makali, wala udongo wa mfinyanzi unaong'ang'ania bapa. Vitu hivyo vilikuwa vichwani mwa wateja wa Wakinga.

Na chuma kinaweza kurudi. Liganga, Ludewa, kwenye nchi ya Wapangwa, kuna mlima wa mtapo ambao mkataba wa kuuchimba ulisainiwa mwaka 2011, na tangu hapo umezungumzwa kwenye bajeti baada ya bajeti. Siku tanuri lake litakapowashwa, tutasikia habari za reli, nondo na madaraja. Ningependa siku hiyo kuwe na chumba kimoja kidogo, chenye meza, majembe kumi na msumari, na waitwe kina mama wa Mbozi, Rungwe na Makete. Wayaning'inize, wayagonge, wayakatae yasiyolia. Walipwe kwa siku hiyo kama wataalamu wengine wote.

Wakimaliza, yale waliyoyakataa yarudishwe motoni. Ndivyo ilivyokuwa.